Wateja wa "nitakulipa karafuu zikija" wananimaliza, na nikiwakataa naonekana najidai

Assalaam alaykum Bi Mkubwa, shikamoo.

Mie ni mama wa watoto wanne, natokea Chake Chake Pemba, jina langu naomba lisitoke maana huku kwetu ukitaja mtaa tu basi mtu keshajulikana. Ni fundi cherehani. Nilianza kushonea barazani kwa mama yangu kabla sijaolewa, sasa nna kibanda changu si mbali na soko, cherehani tatu na ovaloki moja (mashine ya kushonea kingo za kitambaa), na wasichana wawili wananisaidia, wote nimewafundisha mwenyewe. Alhamdulillahi kazi ipo, tena nyingi, na hapo ndipo penye tatizo maana kazi naiona lakini pesa siioni.

Wateja wangu wengi ni watu wa huku huku, wengine wanatoka shamba kabisa. Mtu anakuja na kitambaa chake, namshonea gauni la elfu ishirini, siku ya kuchukua ananambia fundi nisitiri, nitakulipa karafuu zikija. Nshaandikiwa karafuu mpaka nimechoka. Mwengine ananambia nikiuza makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Na wanalipa kweli, sisemi hawalipi, lakini wanalipa wakitaka wao, na mwenye duka la uzi na zipu hanisubiri mie karafuu, anataka pesa yake leo. Na mwaka ambao mikarafuu haikuzaa ndio basi tena, unakutana na mtu njiani anainamisha kichwa, nami naona haya kumkumbusha.

Halafu kuna sare za harusi. Hizi ndio zinanipa jina, kiongozi wa sare anakuja na wenzake thalathini, thalathini na tano, anataka bei ya jumla kwa sababu ni wengi, tunakubaliana elfu kumi na mbili. Wanakuja kupimwa mmoja mmoja mpaka siku mbili kabla ya harusi, kila mmoja ana mshono wake, huyu mikono mirefu yule anataka lesi, na usiku wa kuamkia shughuli mie na wasichana wangu hatulali. Lakini kiongozi hulipa, hata kama kwa mafungu.

Na kuna wifi yangu. Huyu sitaki kusema mengi. Yeye na binti zake kila shughuli nawashonea na sijapata kuona shilingi yake, na kazi yake lazima itangulie ya watu wote.

Sasa amekuja mtu wa mjini Unguja, ana duka la mabaibui, alikuja huku harusini akaiona kazi yangu akaipenda. Anataka nimshonee mabaibui, kitambaa chake mwenyewe anakileta kwa boti mpaka bandarini Mkoani, analipa elfu saba kwa kila baibui, taslimu akipokea mzigo. Sharti lake nisishike kazi za watu wengine maana anataka mzigo kila wiki bila kukosa. Mume wangu ni mwalimu wa skuli, yeye anasema kubali, achana na hawa watu, watakuua kwa presha. Mama yangu anasema ukimrudisha mtu na kitambaa chake mkononi umeirudisha riziki yako, na hao wa karafuu ndio waliovaa kazi yako ulipokuwa hata zipu hujui kuitia.

Mwaka huu kabla ya Idd nilijaribu. Alikuja mama mmoja, nnamdai elfu arubaini na tano za nyuma, kaleta vitambaa vya watoto watatu. Nikamwambia mama samahani safari hii siwezi. Hakusema neno, alivikunja vitambaa vyake akaondoka. Baadae kwenye maulidi nikasikia wanawake wanasema yule fundi siku hizi anachagua watu, masikini hashonewi. Bi Mkubwa wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Mie si mtu wa kuchagua watu, lakini pia nimechoka kuwa na kazi nyingi na mfuko mtupu. Nifanye nini? Niwaache hawa nimshike wa mjini, au niweke kibao ukutani SIKOPESHI, au nivumilie tu?

Mie binti yako, Fundi wa Chake

MSHAURI ANAJIBU

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla ya jengine lolote nikwambie kwamba mtu anaeumia kwa sababu amemrudisha mama na vitambaa vya watoto wake, huyo si mtu wa kudharau masikini, waseme watakavyosema kwenye maulidi. Umebanwa pande mbili. Unataka kuchagua wateja kwa sababu usipochagua kibanda kitakufia mikononi, na unaishi mahala ambapo mteja ni jirani, ni somo, ni mtu mtakaekaa nae msibani, kwa hivo kumkataa kazi anaweza kuona umemkataa yeye. Fundi wa mji mkubwa akimkataa mteja hatomuona tena, wewe utamuona Ijumaa hii hii.

Lakini hebu turudi nyuma kidogo, maana kuna jambo katika barua yako limenisimamisha. Umeanza na wateja wa karafuu, kichwa cha habari ni wao, na kibao unachotaka kuweka ni chao. Halafu ukiendelea unasema usiku hulali kwa ajili ya sare, na kazi ya bure ni ya wifi. Sasa mie nakuuliza, una hakika wanaokumaliza ni hawa wa karafuu? Wao umesema mwenyewe wanalipa. Wanachelewa, ndio, lakini wanalipa elfu ishirini kamili kwa gauni moja ulilolishona kwa nafasi. Mwanamke wa sare anakupa elfu kumi na mbili kwa kazi ya usiku wa manane.

Na hio bei ya jumla ya sare nataka tuitazame vizuri kwa sababu mafundi wengi inawapita hapa. Jumla ina maana pale ambapo wingi unakupunguzia kazi. Mabaibui ya yule wa mjini ni jumla kweli, unatandika kitambaa tabaka kadhaa unakata mara moja, saizi tatu nne basi, msichana mmoja anaunga pande mwengine anapiga ovaloki. Sare thalathini na tano zenye vipimo thalathini na tano na mishono kila mtu wake, hapo umepunguziwa kitu gani? Kitambaa tu ndicho kimefanana. Pengine hata ina kazi zaidi kuliko magauni ya watu mbali mbali kwa sababu yote yanatakiwa siku moja. Sikwambii uache sare, umesema ndizo zilizokupa jina na jina ni mtaji. Nasema bei yake na siku ya mwisho ya kupima hukuzipanga wewe, umepangiwa na kiongozi wa sare. Unaweza kumwambia bei hii ni ya mshono mmoja kwa wote, anaetaka lesi na mikono ya aina yake anaongeza, na baada ya siku fulani sipimi mtu. Hatari yake ipo, atakwenda kwa fundi mwengine na atawachukua wenzake wote, na shughuli moja ikihama na nyengine zinafuata. Hilo ulipime wewe unaewajua.

Tuje kwenye karafuu. Mama wa shamba Pemba anaposema karafuu zikija hakudanganyi, ndivyo pesa inavyokuja kwake. Lakini tazama kalenda. Mwaka huu wa 2026 Idd el Fitri imeangukia Machi. Msimu mkubwa wa karafuu huanza katikati ya mwaka na kuendelea kuelekea vuli, tena zikishaiva zina kuchumwa na wachumaji walipwe pishi zao, zichambuliwe, zianikwe, ndio zipelekwe kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, zikapimwe. Kwa hivo anaechukua nguo ya Idd kwa ahadi ya karafuu anakuomba umngojee miezi minne kwa uchache, na mara nyingi zaidi. Na mikarafuu yenyewe inajulikana, ikizaa sana mwaka huu inaweza kupumzika mwaka unaofuata, na hata zikizaa mvua ikishika wakati wa kuanika tabu tupu. Ukimwambia haya mtu kwa upole yeye mwenyewe anayajua kuliko wewe, ila hajawahi kukaa akahesabu kwamba miezi hio yote ni wewe unaemlipia uzi na zipu. Idd inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, ikifika 2032 itakuwa Januari, watu watakuwa ndio wanatoka msimuni na pesa mkononi. Shida hii ya sasa ya Idd kuwa mbali na karafuu haitokaa hivi milele, na nakwambia ili ujue sehemu ya unayoyaona ni mambo ya kalenda, si kwamba wateja wako wameharibika tabia.

Halafu umeniandikia nshaandikiwa karafuu mpaka nimechoka, nikawa najiuliza, zimeandikwa kweli au zimesemwa tu? Maana sura ya Al-Baqara, aya ya 282, inatuamrisha tukikopeshana kwa muda maalumu tuandike, na inatukataza kuchoka kuandika liwe dogo au kubwa. Karafuu zikija si muda maalumu, ni matumaini, na hukumu yake waulizeni masheikh wenu. Kwa maisha ya kibandani tofauti yake ni kubwa mno. Mtu aliesema mwisho wa Agosti, akatia dole au sahihi kwenye daftari lako, Septemba unaweza kumkumbusha bila kuona haya kwa sababu tarehe aliisema yeye. Na kabla ya hio kuna aya ya 280, kwamba mdaiwa akiwa na dhiki angojewe mpaka apate wasaa. Yule mama wa elfu arubaini na tano mie namuona katika aya hizi mbili kwa pamoja, kungojewa ana haki nako kama kweli hana, na kuandikiana mlikuwa na haki nako nyote wawili.

Kumngojea deni la zamani na kumuongezea deni jipya hata hivo ni mambo mawili. Wewe ulimpa jibu moja kwa yote, siwezi, akaondoka. Sikulaumu, Idd ilikuwa mlangoni na watu wamejaa. Ila ulikuwa na majibu mengine kati ya kushona yote na kutoshona, kama vile mama nipe pesa ya uzi tu, niletee bei ya zipu na bitana, watoto wavae Idd, ufundi wangu tutauandika. Hapo kinachotoka mfukoni mwako hakitoki tena, unachokopesha ni mkono wako peke yake. Mkono nao una thamani, na ukiwafanyia hivi wote utajikuta Idd nzima umeshona kwa deni, kwa hivo lazima uwe na kiwango, useme moyoni mwaka huu wa aina hii nitachukua kadhaa na wakitimia wametimia. Mwengine atakasirika kwa nini fulani kapewa yeye hakupewa. Hilo hulikimbii kwa njia yoyote ile.

Kibao cha SIKOPESHI nacho, mwanangu, nakiogopa kidogo kwa mahala pako. Si kwamba ni kibaya, maduka mangapi yanacho. Lakini kibao kinamwambia mtu mwema na mkorofi neno moja, na mama mwenye haya atasoma ageukie mlangoni bila kusema na wewe, wakati yule mkorofi hasomi, anaingia na kukwambia mie si wa kibao mie dada yako. Arbuni ya nusu, yaani malipo ya kutangulia, inayotakiwa kwa kila mtu mimi naiona inakaa vizuri zaidi kwa sababu inamtaka mtu alete kitu, haimfungii mlango. Ila ukiianza usiianze kwa masikini. Ukianza kumdai arbuni yule wa shamba huku binti wa wifi anachukua bure, hapo wale wa maulidi watakuwa na haki ya kusema.

Sasa huyu bwana wa mabaibui. Naelewa kwa nini mumeo amependa, mwalimu anajua raha ya pesa inayokuja kwa tarehe. Pesa taslimu kila mzigo, hakuna wa kumdai, hakuna wa kukaa barazani anasubiri uzi. Usilidharau hili, afya yako nayo ni mali. Mie wasiwasi wangu uko kwenye sharti. Mteja mmoja anaekutaka uwaache wengine wote hakupi kazi tu, anakuwa ndie mlango wako pekee, siku akiufunga huna pa kutokea. Na msimu wake ni upi? Mabaibui yanauzika sana Shaaban na Ramadhani watu wakijitayarisha na Idd, ndio wakati ule ule Chake nzima inakutafuta. Yaani wiki zako zenye thamani kubwa kabisa utampa yeye kwa elfu saba saba. Na Idd ikipita, duka lake likipoa, atakuletea kitambaa kila wiki kama alivyosema au atakwambia subiri? Ukienda kwa hao uliowarudisha miezi sita nyuma, hawatokuwepo, watakuwa wameshazoea fundi mwengine, na ndio ubaya wa kazi yetu hii ya mikono, vipimo vya mtu vikishalala katika daftari la mwengine ni kazi kuvirudisha.

Kwa hivo kabla hujamjibu mkalishe umuulize. Uzi, sindano na umeme ni juu ya nani? Baibui likiharibika nani analipa? Nauli ya kuteremsha mzigo Mkoani mpaka Chake na kuurudisha? Na kama anataka usishike kazi nyengine, yeye anakuhakikishia mangapi kwa mwezi, na yasipofika anakulipa nini? Pengine akisikia maswali haya ataliregeza sharti mwenyewe, mkakubaliana siku tatu za wiki ni zake na zilizobaki ni zako, wasichana wako wawili mmoja akawa wa mabaibui mmoja akawa na wewe. Pengine atakataa. Akikataa kuandikiana kabisa, basi utakuwa umekimbia karafuu zikija ukaangukia mzigo ukija, na sioni tofauti yake. Na ukiona anakubali yote hayo na hesabu inaonesha kweli utapata zaidi na kulala usiku, sioni pia kwa nini uone haya kumchukua. Kazi ya dukani ni kazi, si kuwakimbia ndugu.

Kuna njia nyengine hujaitaja, nayo ni kwamba pengine unachokosa si wateja wazuri bali pesa ya kuzungushia. Ungekuwa na uzi, zipu na bitana za miezi mitatu ndani, wangapi kati ya hawa wa karafuu wangekuumiza? Kuna vikundi vya kuweka na kukopa, kuna na mikopo ya wajasiriamali kupitia Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi. Nakutajia lakini kwa tahadhari, kuchukua mkopo wa kulipa kila mwezi ili uwakopeshe watu wanaolipa kwa msimu ni hatari, mwezi wa kulipa utafika na mikarafuu ndio kwanza inatoa maua. Kama ni kukopa basi uwe ushajua ni kiasi gani kiko nje na kinarudi lini, na hapo tunarudi kwenye daftari. Chukua kazi za mwezi mmoja uandike kila kazi imekula muda gani, imekula pesa gani yako, imelipwa lini. Usimuandike mtu kwa umasikini wake wala utajiri wake. Nadhani utakuta majina yatakayokushangaza, na baadhi ya wale unaotaka kuwaacha utataka kuwabakisha.

Mama yako naye usimuache nje ya mazungumzo. Neno lake la riziki ni zito na anasema kwa kukutakia kheri, lakini muulize na yeye, alipokuwa na kazi yake alimkubali kila mtu kwa kila sharti? Wazee wetu walikuwa wanajua kumwambia mtu njoo wiki ijayo akaondoka hakukasirika. Huenda akakufundisha maneno ambayo mie siyajui, ya Kipemba hasa, ya kumrudisha mtu huku umemshika mkono. Na yule mama wa vitambaa vitatu, kama moyo wako unakutaka, mfuate kwake, si kwenda kudai wala kuomba radhi mbele ya watu, nenda tu mjuliane hali mukubaliane lile deni linalipwa vipi, hata kwa elfu mbili mbili. Ukiona hujaweza bado, usijilazimishe.

Limebaki la wifi. Umesema hutaki kusema mengi na umeandika mistari mitatu, mistari hio nimeisoma kwa makini kuliko barua yote. Hilo si la kulimaliza wewe kibandani mbele ya wateja na wasichana wako, atasema umemdhalilisha na kesho litakuwa la ukoo mzima. Mumeo anasema achana na watu watakuua kwa presha, basi mwambie kwa upole, usiku mkiwa wawili, mmoja katika watu hao ni dada yake, na umuombe azungumze nae yeye. Akikataa, au akiona unakuza jambo, niandikie tena tuone pa kuanzia.